Kutua Chuma: Historia ya Pumziko katika Jimu za Uani za Kimara

Katika mazoezi ya kunyanyua vyuma, muda ambao chuma kimelala chini ni mrefu kuliko muda ambao kiko mikononi, na historia ya mazoezi hayo mahali popote haikamiliki bila kuuchunguza muda huo wa kwanza. Mtu anayepiga seti, yaani mkupuo mmoja wa marudio kadhaa mfululizo bila kukiweka chuma chini, hutumia kwa kawaida sekunde 30 hadi 45; akipumzika dakika 3 kabla ya kuanza mkupuo mwingine, basi katika saa nzima atakuwa amenyanyua kwa dakika 9 hadi 12 hivi tu, na zilizobaki zote ni za kuhema, kusubiri na kuzungumza. Dakika inayoongezwa kwenye pumziko lazima ikatwe mahali pengine: kwenye idadi ya seti, kwenye muda wa kurudi nyumbani, au kwenye usingizi wa mtu anayepaswa kudamka alfajiri. Siku hizi hesabu hiyo huonekana kuwa shauri la mnyanyuaji na saa yake. Katika Kimara, kwenye vilima vilivyo kando ya Barabara ya Morogoro magharibi ya Ubungo, haikuwa hivyo kwa miongo kadhaa: urefu wa pumziko uliamuliwa na aina ya chuma kilichokuwapo na idadi ya watu waliokizunguka, na urefu wa mazoezi uliamuliwa na jua na usafiri.

Kiswahili chenyewe kimeyaweka mambo hayo katika ukoo mmoja. Aliyebeba mzigo huambiwa atue, jua nalo hutua, na mahali basi linaposimama huitwa kituo, neno lililozaliwa na kitenzi hicho hicho. Mzigo, jua na kituo ndivyo vilivyopanga pumziko la wanyanyuaji wa Kimara, na kila kimoja kilikuwa na wakati wake wa kutawala.

Uzito usiopungua

Kazi ya kubeba uzito kwa vipindi ni kongwe katika nchi hii kuliko jimu yoyote. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, wengi wao Wanyamwezi, waliosafirisha pembe za ndovu kuja pwani na kurudi bara na vitambaa na shanga, walibeba mizigo iliyokadiriwa kwa frasila, kipimo cha pwani chenye takriban kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, mbali na mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Uzito huo haukuweza kupunguzwa njiani, kwa kuwa bidhaa zilikuwa zimekwisha kufungwa na kuhesabiwa. Kilichoweza kubadilishwa ni urefu wa mwendo na mahali pa kutua. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, na pale maji yalipokuwa mbali ulifuatwa utaratibu ulioitwa terekeza, yaani kuondoka tena baada ya adhuhuri, kulala njiani bila maji, na kuyafikia asubuhi iliyofuata. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha wabeba mizigo cha jeshi la Waingereza kilipiga kambi Dar es Salaam, na jina lake la Kiingereza, likiwa limepita katika vinywa vya wenyeji, likabaki kuwa jina la eneo hilo: Kariakoo.

Kanuni iliyomo katika kazi hiyo ni nyepesi kuieleza, nayo itarudi Kimara baadaye katika umbo jingine: mahali ambapo uzito haubadiliki, pumziko ndilo hubadilika. Kanuni ya pili ilikuwa ikionekana katika kila ua uliokuwa na kinu. Watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili hupokezana, mmoja akiinua wakati mwenzake anashusha, hivyo kwamba pumziko la mmoja ndilo pigo la mwingine na hakuna anayehitaji kuhesabu. Aliyezoea kinu alikuwa tayari na dhana ya zamu, yaani haki ya kupumzika inayotokana na wajibu wa mwenzake kufanya kazi.

Dakika ya bondia na seti ya daktari

Pumziko lililopimwa kwa saa lilikuja na ndondi. Kanuni za Queensberry, zilizochapishwa Uingereza mwaka 1867, ziliweka raundi za dakika 3 na kati yake pumziko la dakika 1, na kipimo hicho kilienea kila mahali mchezo huo ulikofika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa mahali hapo: Titus Simba alitwaa medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akatwaa ya dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998. Kambi za ngumi za mitaani ziliwafundisha vijana wengi wa Dar es Salaam kwamba kupumzika kuna mwanzo na mwisho, na kwamba mwisho wake hutangazwa na kengele bila kujali kama pumzi imerudi. Mazoezi ya kijeshi nayo yalikuwa na mpangilio wake: Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na shule zilizofuata mfano wake, zilieneza mchakamchaka, yaani mbio za pole za asubuhi zinazokwenda kwa nyimbo, ambamo kundi zima huenda mwendo mmoja na hakuna anayetua peke yake.

Seti, kwa upande wake, ilitoka hospitalini. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwatibu askari walioumia magoti katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago, alichapisha maelezo ya njia yake ya kurudisha nguvu za misuli kwa kunyanyua uzito mkubwa, tofauti na desturi ya wakati huo ya kuwapa wagonjwa kazi nyepesi ya muda mrefu. Mwanzoni aliwapa mikupuo 7 hadi 10, kila mmoja wa marudio 10. Lakini kufikia mwaka 1948, akiandika pamoja na Arthur Watkins, aliipunguza ikawa 3 tu, wa kwanza ukiwa na nusu ya uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara 10, wa pili robo tatu yake, na wa tatu uzito wote. Hapo ndipo penye asili ya zile seti tatu za kumi kumi ambazo karibu kila mkufunzi duniani huzitaja bila kujua zilikotoka. Inafaa kuzingatiwa kwamba aliyezibuni alipunguza kazi, akafupisha mazoezi, na bado akaona kwamba matokeo yanatosha.

Hata hivyo, njia ya DeLorme ilidai kitu kimoja ambacho Marekani ilikuwa nacho tangu mwanzo wa karne: chuma kinachobadilishwa uzito. Kampuni ya Milo, iliyoanzishwa na Alan Calvert mjini Philadelphia mwaka 1902, ilikuwa imekwisha kuufanya ununuzi wa vyuma vya kuongezwa na kupunguzwa uzito kuwa jambo la kawaida kwa mtu wa kipato cha wastani. Asiyekuwa na vyuma vya namna hiyo hangeweza kupanda kutoka nusu hadi robo tatu hadi uzito kamili, na Kimara havikuwapo.

Kopo la rangi na saruji ya Wazo

Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta Dar es Salaam wakazi wapatao 270,000. Ile ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3, na ya mwaka 2022 ikavuka milioni 5.3. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo iliingia katika maeneo ya pembezoni ambayo watu walijijengea wenyewe, wakinunua vipande vya mashamba na kuinua nyumba chumba baada ya chumba. Kimara, inayojulikana zaidi kwa matangi makubwa yanayopokea maji kutoka mtambo wa Ruvu Juu, ilikuwa mojawapo ya maeneo hayo, na mfululizo wa majina ya vituo vyake, Baruti, Bucha, Korogwe, Mwisho, Stop Over, Suka na Temboni, ni kama kumbukumbu ya mji unavyopanda vilima kituo baada ya kituo. Nyumba za namna hii zilikuwa na ua, na ua mara nyingi ulikuwa na mwembe. Kwa vijana waliotaka kujazia vifua, kivuli cha mwembe na ukuta wa kuegemea vilitosha kuwa jimu.

Kilichokosekana ni vyuma. Vita dhidi ya Idi Amin, vilivyoanza mwishoni mwa mwaka 1978 na kumalizika mwaka uliofuata, viliikuta nchi ikiwa tayari na upungufu wa fedha za kigeni, na katika miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo sabuni na sukari zilikuwa za kupangiwa foleni, vyuma vya mazoezi kutoka ng'ambo havikuwa bidhaa ya kufikiriwa. Mikusanyiko ya vitu vilivyokuwa karibu ndiyo iliyoziba pengo: gia na ringi za magari yaliyochakaa, ekseli ya lori, nondo zilizobaki kwenye ujenzi, na zaidi ya vyote saruji, ambayo kiwanda cha Wazo kilikuwa kikiizalisha ndani ya jiji tangu mwaka 1966.

Utengenezaji wa chuma cha saruji unastahili kuelezwa kwa hatua zake, kwa sababu hatua hizo ndizo zilizoamua namna watu walivyopumzika. Hutafutwa bomba la maji lenye unene unaojaa kiganja, nalo hutobolewa karibu na ncha na kupitishwa misumari mirefu iliyopishana, ili zege likikauka lishike na lisizunguke. Kopo tupu la rangi huwekwa mahali palipo sawa, hujazwa saruji, mchanga na kokoto vilivyochanganywa, na ncha ya bomba husimamishwa katikati yake, ikishikiliwa wima kwa kamba zilizofungwa pande tatu. Upande huo huachwa ukauke kwa siku kadhaa huku ukimwagiwa maji usipasuke, kisha bomba hugeuzwa juu chini na kopo la pili humwagwa vilevile. Mwenye haraka, aliyekinyanyua chuma kabla ya juma moja kupita, aliuona upande mmoja ukilegea na kuanza kucheza kwenye bomba, na kuanzia hapo chuma hicho kilimwelemea mtu upande mmoja maisha yake yote.

Uzito wa chuma kama hicho unaweza kukokotolewa, kwa kuwa lita moja ya zege huwa na takriban kilo 2.4. Makopo mawili ya rangi ya lita 4 hutoa karibu kilo 19 bila kuhesabu bomba. Ndoo mbili ndogo za lita 10 hutoa karibu kilo 48. Ndoo mbili za lita 20 hutoa karibu kilo 96. Ua wenye vyuma vitatu vya aina hii ulikuwa umejaliwa, lakini ngazi zake zilikuwa na mapengo makubwa mno: aliyekwisha kukizoea chuma cha kilo 48 hakuwa na mahali pa kukanyaga hadi kilo 96. Baadhi waliliziba pengo hilo kwa kuning'iniza gia kwa waya pande zote mbili, jambo lililoleta uzito unaoyumba na vidole vilivyobanwa. Njia iliyobaki ilikuwa kuongeza marudio au kupunguza pumziko, maana chuma kile kile cha kilo 48, kikinyanyuliwa mara 10 baada ya dakika 5, huwa chepesi, na kikinyanyuliwa mara 10 baada ya dakika 1 huwa kizito. Kama mpagazi, mnyanyuaji wa uani aliyeshindwa kuubadili mzigo aliigeukia namna ya kuutua.

Zamu

Lakini pumziko halikuwa lake peke yake kulipunguza. Kwa kuwa chuma kilikuwa kimoja kwa kila kiwango na watu walikuwa wengi, desturi iliyotawala ilikuwa zamu. Mmoja hulala kwenye benchi, ambalo aghalabu lilikuwa ubao uliolazwa juu ya matofali. Wa pili husimama kichwani pake ili akishike chuma pumzi ikimwishia. Wa tatu huhesabu kwa sauti. Wa nne hujipangusa jasho kwa fulana na kungoja. Chuma kinapotua, aliyelala huinuka na kuwa mhesabuji, mhesabuji huwa mshikaji, na mduara huendelea hivyo bila mtu yeyote kutazama saa. Methali isemayo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi ilipata ushahidi hapo kila jioni, kwa sababu chuma kilichoonekana chepesi kwa anayehesabu kilikuwa kizito zamu ilipomfikia.

Hesabu ya mduara huo ni rahisi. Iwapo kila mtu anatumia sekunde 40 kunyanyua na sekunde 20 za kupishana, basi kila zamu ni dakika moja, na pumziko la kila mmoja ni sawa na idadi ya wenzake kwa dakika. Wawili wakikutana, kila mmoja hupumzika kwa muda wa zamu moja, unaolingana na dakika ya bondia. Wanne wakikutana, hupumzika dakika 3. Wakiwa sita, dakika 5. Na wakiwa wanane, dakika 7, muda ambao ndani yake mwili hupoa na mazungumzo hunoga. Urefu wa mazoezi nao hufungamana na idadi hiyo hiyo, kwani katika saa moja watu wanne hupata seti 15 kila mmoja, ilhali wanane hupata 7 tu. Kwa hiyo aliyeuliza mazoezi ya ua fulani huchukua muda gani alipaswa kwanza kuuliza ua huo una watu wangapi.

Utaratibu huu haukuwa wa watu wasio na kitu peke yao. Hata jukwaa la Olimpiki, ambako kunyanyua uzito kulionekana kwa mara ya kwanza katika michezo ya Athens ya mwaka 1896, hutumia chuma kimoja kwa washindani wote wa kundi, uzito wake hupanda tu na haushuki, na anayeitwa hupewa dakika 1 ya kuanza jaribio lake. Endapo anafuatana na yeye mwenyewe, yaani hakuna mwingine aliyeomba uzito kati ya majaribio yake mawili, hupewa dakika 2. Kanuni hiyo inakiri wazi kwamba pumziko la kawaida la mshindani hutokana na zamu za wenzake, na kwamba saa huingilia kati pale tu zamu inapokosekana.

Zamu ilikuwa na haki zake na dhuluma zake. Mgeni aliyekuja mara ya kwanza aliwekwa mwisho, na kwa kuwa chuma chepesi ndicho kilichoanza, mara nyingi alikuta wakongwe wamehamia kizito kabla hajatosheka na kile alichokimudu. Mwenye kuchoka polepole alisubiri kuliko alivyohitaji, na mwenye pumzi fupi alivutwa na mduara kabla ya kuwa tayari. Kwa upande mwingine, hakuna aliyeweza kujidanganya, maana kila rudio lilihesabiwa na sauti isiyokuwa yake, na hakuna aliyeachwa chini ya chuma peke yake.

Mpaka wa nje wa mazoezi ulikuwa jua. Dar es Salaam iko karibu na ikweta kiasi kwamba tofauti ya urefu wa siku kati ya miezi ni ndogo, na giza huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Ua usiokuwa na taa ulifungwa na giza hilo, na wenye taa ulifungwa na mgawo wa umeme, hasa katika miaka ya ukame kama 2006 na 2011 ambapo maji ya mabwawa yalipungua na maeneo ya jiji yakazimwa kwa zamu, neno ambalo hapo lilikuwa na ladha nyingine. Mtumishi wa serikali aliyetoka kazini saa tisa na nusu alasiri, akapata daladala, yaani basi dogo la mtu binafsi la aina iliyoruhusiwa rasmi mwaka 1983, angeweza kufika Kimara na kubakiwa na saa moja na nusu ya mwanga. Foleni ya magari ya Barabara ya Morogoro ilipokuwa ndefu, muda huo ulikatwa, na kilichokatwa hakikuwa pumziko, kwa kuwa mduara haukupungua watu kwa sababu ya foleni. Zilizokatwa zilikuwa seti.

Miraba minne

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, lakini vibanda vya video vilikuwa vimekwisha kuzileta filamu za Marekani katika mitaa, pamoja na miili ya Sylvester Stallone na Arnold Schwarzenegger. Athari yake ilifika hata sokoni, ambako mfuko wa plastiki wenye mikono uliitwa rambo hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Katika jimu za uani, mtu wa miraba minne, ambaye katika simulizi za zamani alikuwa pandikizi la kuzaliwa, sasa alionekana kuwa ni mtu wa kutengenezwa, na kumbi za muziki zilizohitaji walinzi wa mlangoni zilimpa jina jipya, baunsa, na ajira.

Badiliko hilo la lengo lilibadili mizani ya muda. Aliyenyanyua ili awe na nguvu alitosheka na mazoezi machache mazito; aliyenyanyua ili atunishe misuli alitaka kifua siku moja, mgongo siku nyingine na miguu siku ya tatu, kila sehemu ikipewa mazoezi manne au matano. Seti ziliongezeka, na kwa kuwa jua halikuongezeka, shinikizo lilihamia kwenye pumziko: miduara ikagawanyika, watu wawili wawili wakachukua chuma chao, na pumziko la dakika moja, lenye kuacha misuli imevimba damu na kuwaka, likapata sifa ya kuwa ndilo siri ya umbo. Sifa hiyo ilipata pia utetezi wa kitaalamu, kwani tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba mapumziko mafupi hupandisha homoni ya ukuaji katika damu, na wengi wakahitimisha kwamba misuli nayo lazima ikue zaidi.

Maabara zinavyosema

Hitimisho hilo halikudumu. Msuli unaonyanyua kwa nguvu kwa sekunde chache hutegemea akiba ndogo ya kemikali iitwayo fosfokreatini, inayotoa nishati papo hapo bila kungoja hewa, na akiba hiyo ikitumika hurudi kwa mwendo unaopungua: karibu nusu yake ndani ya nusu dakika hivi, na karibu yote baada ya dakika 3 hadi 5. Anayeanza seti mpya baada ya dakika 1 huanza na akiba pungufu, naye hulipa kwa marudio machache au kwa chuma chepesi zaidi. Mwaka 2009 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilipendekeza mapumziko ya dakika 2 hadi 3 kwa mazoezi makuu yanayotumia viungo vingi kwa pamoja, na dakika 1 hadi 2 kwa yale madogo ya nyongeza. Mwaka 2016 Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha jaribio la wiki 8 lililowahusisha wanaume 21 waliozoea vyuma, ambamo waliopumzika dakika 3 waliongeza nguvu kuliko waliopumzika dakika 1, na hata unene wa misuli yao ya mbele ya paja ulizidi.

Matokeo hayo yakirudishwa kwenye mwembe wa Kimara, yanaonyesha kwamba mduara wa watu wanne ulikuwa umewapa wanachama wake pumziko la dakika 3 pasipo mtu kulikusudia. Haifai kuugeuza mfano huo kuwa hekima ya mababu, kwa sababu mduara huo huo ukiwa na watu wanane ulipoteza jioni, na ukiwa na wawili ulikimbizana. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba zamu ilifanya kazi ya saa kwa kadiri ya idadi ya watu, ikawa nzuri pale idadi ilipokuwa nzuri.

Kituo cha Kimara Mwisho

Katikati ya miaka ya 2010 mambo kadhaa yalibadilika kwa pamoja. Wilaya ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kimara ikaingia humo. Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka, yanayotumia njia yao wenyewe katikati ya barabara, yalianza kutoa huduma katika awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9, ikiunganisha Kimara na Kivukoni, pamoja na tawi la Gerezani lililo jirani na ile Kariakoo ya wabeba mizigo. Desemba mwaka huo huo Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua siku ya mazoezi ya kitaifa ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, kama kinga dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza. Mwaka 2017 nyumba na mabanda yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, yalibomolewa ili barabara ipanuliwe, na ramani ya biashara za kando ya barabara ikaandikwa upya.

Jimu za kulipia, zenye mashine, vioo na taa, ziliongezeka katika mazingira hayo mapya, na ziliwavuta pia wanawake, ambao miduara ya uani haikuwa imewatengea nafasi. Mashine yenye pini, ambayo mtu huihamisha tundu moja kuongeza kilo chache, iliondoa lile pengo la kati ya kilo 48 na 96, na hatimaye njia ya DeLorme ikawezekana Kimara kama ilivyowezekana Chicago. Kwa kufanya hivyo, mashine iliondoa pia sababu ya kupunguza pumziko ili chuma kile kile kiwe kizito. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na mashine yake, iliondoa zamu.

Pumziko likabaki bila mwenyewe, na mnyanyuaji akalazimika kuliamua. Simu ya mkononi, ambayo ina saa ya kupima sekunde, ndiyo pia inayolirefusha, kwa kuwa ujumbe mmoja unaojibiwa kati ya seti hula dakika ambazo hakuna aliyesimama kichwani kuzidai. Kwa mtu anayeshuka kituoni Kimara Mwisho jioni na kujipangia dakika 45 kabla ya chakula cha usiku, hesabu ya pumziko la dakika 3 humpa seti 12 hivi, ambazo zinatosha mazoezi manne ya seti tatu tatu, ilimradi hapotezi hata moja.

Njia zinazotumiwa kuibana hesabu hiyo zina historia yake. Mwaka 1953 R. E. Morgan na G. T. Adamson wa Chuo Kikuu cha Leeds walibuni mazoezi ya mzunguko, ambamo mtu huhama kutoka kituo kimoja cha zoezi hadi kingine bila kusimama sana, kila kituo kikitumia misuli tofauti na ile ya kilichotangulia. Namna fupi ya wazo hilo ni kuunganisha mazoezi mawili ya misuli inayopingana, kwa mfano kusukuma kwa kifua na kuvuta kwa mgongo, ili kifua kipumzike wakati mgongo unafanya kazi na mgongo upumzike wakati kifua kinafanya kazi. Pumziko la kila msuli hubaki refu, na saa nzima hufupika karibu nusu, ingawa mapafu hayapati nafuu hiyo na chuma kizito kabisa hakifai kunyanyuliwa kwa mtindo huu.

Ukitazamwa vizuri, mtindo huo ni mduara wa uani uliohamia ndani ya mwili wa mtu mmoja: misuli imechukua nafasi ya watu, na mmoja unapotua, mwingine hupokea. Kinachokosekana ni ile sauti ya pembeni iliyohesabu marudio, na mikono ya mshikaji iliyokuwa juu ya benchi pumzi ilipokwisha. Katika jimu za Kimara za leo, mtu asiyemjua mwenzake bado huondoa kitaulo benchini na kumwomba amshikie seti moja ya mwisho, na anayeombwa, bila kuambiwa, huanza kuhesabu.